Lubumbashi: Kura ikikatika, usiiamini mashine iliyonyamaza

Mafundi wa mbao wa Lubumbashi wanaijua hali hii. Kazi inaendelea, meshi inaingia ndani ya mbao, mara kura inakatika. Redio inanyamaza, taa inazimika, mashine nayo inapunguza mwendo mpaka inasimama. Kijana wa kazi anapumua, anafuta jasho, anaona vipande vya mbao vimekwama karibu na meshi, ananyoosha kidole ili avitoe. Swichi ya mashine hajaigusa. Kwake yeye mashine imezimwa. Kwa kweli haijazimwa. Inangojea tu SNEL irudishe umeme.

Umeme ukirudi wakati kidole kiko pale, hakuna mtu atakayekuwa na nafasi ya kupiga kelele.

Ndiyo maana habari ya leo inahusu mashine ya kutoboa matundu ya mbao, ile ambayo mafundi wengi bado wanaiita kwa jina la Kifaransa, mortaiseuse. Inaonekana pole kuliko msumeno wa mviringo, haina kelele ya raboti, na kwa hiyo inaaminiwa mapema. Patroni akinunua mashine hiyo, mara nyingi siku ileile inawekwa mahali, inaunganishwa na waya, na kazi inaanza. Lakini usalama wake unaamuliwa siku hiyo ya kwanza: namna ilivyosimamishwa, namna ilivyopewa umeme, na namna meshi ilivyofungwa.

Kazi ya tundu na ulimi

Mlango ukidumu miaka 20 bila kulegea, si misumari inayoushika. Ni tundu na ulimi. Upande mmoja wa mbao unachimbwa tundu, upande mwingine unachongwa ulimi, halafu ulimi unaingia ndani ya tundu pamoja na kole. Ndivyo wanavyotengeneza milango, madirisha, viti, vitanda na mabanki ya masomo. Kwa kawaida fundi anachukua karibu sehemu moja ya 3 ya unene wa mbao. Mbao yenye milimita 45, tundu lake ni milimita 15.

Kwa mkono, kazi hiyo inafanywa kwa patasi na nyundo. Katika mulombwa, mti mgumu wa misitu ya Katanga, tundu moja linaweza kumchosha kijana. Kwa mbao laini za pini zinazotoka Zambia, ni rahisi zaidi, lakini ukiwa na milango 10 ya kumaliza kabla ya Jumamosi, mkono hautoshi. Hapo ndipo mashine inaingia.

Si jambo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kule Portsmouth, Uingereza, kiwanda cha jeshi la majini kilikuwa tayari na mashine za kuchimba matundu ndani ya mbao za kapi za meli, zilizobuniwa na Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa. Kitu kipya kwetu si mashine yenyewe. Ni kuiendesha katika mji ambamo umeme unakwenda na kurudi bila kuaga.

Katika atelie zetu mtu anaweza kukuta aina 2. Ya kwanza ina patasi ya mraba iliyo tupu ndani, na meshi inazunguka katikati yake. Meshi inatoboa, patasi inanyoosha pembe, na tundu linatoka la mraba. Ya pili ina meshi peke yake, imelala, na mbao inafungwa juu ya meza inayotembea kushoto na kulia. Tundu lake lina ncha za mviringo. Aina hii ya pili mara nyingi imefungwa ubavuni mwa kombine, mashine kubwa yenye raboti, tupi na msumeno pamoja. Tutarudi kwa kombine, kwa sababu ina hatari yake ya pekee.

Kwanza, mahali pa kusimama

Mashine isiyofungwa chini ni mashine inayotembea. Ukivuta mkono wake wa kushusha patasi kwa nguvu, mashine ndogo ya mezani inaweza kukuangukia. Ifungwe kwa bulo juu ya meza nzito au kwenye sima. Meza ikitikisika, weka sawa miguu yake kabla ya kufunga.

Acha nafasi. Mbao ya mlango ina mita 2 na zaidi, na inapaswa kusogea kulia na kushoto bila kugonga ukuta wala mgongo wa mwenzako. Mbao ndefu ipate kitu cha kuishikilia kila upande, chenye urefu sawa na meza ya mashine. Fundi anayeshika mbao kwa goti huku akivuta mkono wa mashine anafanya kazi ya watu 2 kwa mwili mmoja.

Sakafu iwe safi. Vipande vya mbao vinateleza kama maganda ya ndizi. Na wale wanaofanya kazi nje, chini ya bati, kama inavyoonekana katika vitongoji vingi vya Katuba, Kenya au Ruashi, wakumbuke wakati wa mvua: maji chini na umeme juu haviwezi kukaa pamoja. Mvua ikifika miguuni, kazi isimame.

Umeme: kipimo cha dakika moja

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu.

Mashine nyingi za zamani, na zile zilizotengenezwa mjini kwa motere iliyookotwa kwenye mashine nyingine, zina swichi ya kawaida kama ile ya taa. Ukiiweka kwenye "washa", inabaki hapo. Kura ikikatika, swichi haijui. Kura ikirudi, mashine inaanza yenyewe.

Kuna swichi nyingine, yenye kifungo cha kijani na chekundu na sumaku ndani. Umeme unapopotea, sumaku inaachilia na swichi inazimika yenyewe. Umeme ukirudi, hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze kijani kwa mkono wake. Mafundi wa umeme wanaijua: ni swichi au kontaktere inayoanguka umeme unapokosekana. Ukiwa na franga za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya atelie yako mwaka huu, anza na hicho.

Namna ya kujua mashine yako iko upande gani? Fanya kipimo hiki. Toa meshi na patasi. Hakikisha hakuna mtu karibu. Washa mashine. Halafu, bila kugusa swichi yake, kata umeme kwenye disonktere ya atelie. Ngojea isimame kabisa. Rudisha umeme. Kama mashine imebaki kimya, umepita. Kama imeanza kuzunguka peke yake, umepata jibu kwa bei ya bure, kabla kidole cha mtu hakijalipa.

Tena, motere nyingine zina kinga ya joto inayokata umeme zikipata moto kupita kiasi. Baadhi ya kinga hizo zinarudi zenyewe motere ikipoa. Ni mtego uleule: mashine inasimama katikati ya kazi, mtu anaichungulia, na baada ya dakika chache inaanza. Mashine ikisimama yenyewe, chomoa priza kwanza, halafu ndipo uchungulie.

Mpaka swichi nzuri ipatikane, atelie iwe na desturi moja ambayo kila mtu anaifuata, kuanzia patroni hadi mtoto aliyefika jana: kura ikikatika, mkono wa kwanza unakwenda kwenye swichi, wa pili kwenye priza. Acha taa moja ikiwa imewashwa. Taa ndiyo itakayowaambia umeme umerudi, si mashine.

Volti kidogo, fazi zilizogeuka

Si kukatika tu kunakoleta taabu. Kuna masaa ambapo umeme upo lakini ni dhaifu, taa inawaka nyekundu kama mshumaa. Watu wengi wanadhani umeme kidogo hauwezi kuharibu kitu. Kwa motere ni kinyume. Ikikosa volti, inavuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, na waya zake zinapata moto. Ukisikia sauti yake imeshuka na meshi inakwama katika mbao iliyokuwa ikipita vizuri asubuhi, zima. Kuisukuma kwa nguvu ni kuunguza motere na kuvunja meshi.

Ralonji nyembamba na ndefu inaleta shida hiyohiyo. Waya uwe mnene wa kutosha, usiviringishwe unapofanya kazi, na usipite mahali watu wanapokanyaga.

Kwa motere ya fazi 3, kuna mambo 2 ya kukumbuka. Kwanza, fundi wa umeme akibadilisha waya 2, au mkitoka umeme wa SNEL mkaingia kwenye gurupu, motere inaweza kuzunguka kinyume. Meshi ikizunguka kinyume haikati, inasugua, inatoa moshi, na mandreni inaweza kulegea. Kwa hiyo kila mara mnapogusa waya, washeni mashine bila meshi na mtazame mshale wa mwelekeo uliochorwa kwenye motere. Pili, fazi moja ikipotea, motere inaunguruma bila kuzunguka. Usiisaidie kwa mkono kamwe. Kata umeme, mwite fundi.

Mwisho, waya wa ardhi. Katika nyumba nyingi haupo, au upo kwenye priza lakini haufiki popote. Mashine ya chuma isiyo na waya wa ardhi, siku waya wa ndani unapochubuka na kugusa chuma, mwili wa fundi ndio unaokuwa njia ya umeme kwenda chini. Nguzo ya chuma iliyopigwa vizuri ardhini, waya mzuri, na disonktere inayokata umeme unapovuja, hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi wa umeme anayejua kazi yake.

Kufunga patasi na meshi

Sasa mashine imesimama na umeme uko sawa. Chomoa priza. Ndiyo, hata kama umezima. Kazi yote ya kufunga na kupima inafanywa priza ikiwa mkononi mwako au mbele ya macho yako.

Kwa mashine ya patasi ya mraba, siri iko kati ya patasi na ncha ya meshi. Meshi lazima itokeze kidogo chini ya patasi, kama milimita 1 mpaka 2. Ikibanwa sana, chuma kinasugua chuma, patasi inakuwa ya bluu kwa moto, na moshi unatoka. Ikitokeza kupita kiasi, vipande vikubwa vinakwama ndani na patasi inaweza kupasuka.

Mafundi wana njia rahisi. Ingiza patasi, lakini usiisukume mpaka juu: weka kitu chembamba kama sarafu ya zamani kati ya bega la patasi na mahali pake, halafu ikaze kidogo. Sukuma meshi juu mpaka iguse patasi, funga mandreni kwa nguvu. Legeza patasi, toa sarafu, sukuma patasi juu mpaka mwisho, kaza. Nafasi uliyoacha juu ndiyo uliyopata chini.

Weka ekeri kati ya patasi na gidi, ule ukingo ambao mbao inaegemea. Patasi ikikaa upande, matundu yako yatafanana na meno ya msumeno, na ulimi hautaingia. Dirisha la patasi, pale vipande vinapotokea, lielekee ubavuni, si kwenye uso wako: vinatoka na moto.

Toa ufunguo wa mandreni. Ajali hii ni ya zamani kama mashine yenyewe: mtu anafunga meshi, anasahau ufunguo, anawasha, na ufunguo unaruka kama jiwe la manati. Dawa yake ni mkono usioachia ufunguo mpaka urudi kwenye msumari wake ukutani. Kisha zungusha meshi kwa mkono, mzunguko mzima. Ukisikia inakwaruza, rudi nyuma.

Shusha kile chuma cha kushikilia mbao kutoka juu mpaka kikaribie kuigusa. Kazi yake ni wakati wa kupandisha: patasi inapotoka inang'ang'ania mbao na kuinyanyua. Bila chuma hicho, mbao inapanda, inageuka, na vidole vilivyokuwa vikiishika vinabanwa. Halafu pima kina na kaza kizuizi chake, ili macho yabaki kwenye mbao, yasihangaike na kipimo.

Tundu la kwanza lifanywe kwenye kipande cha kutupa, cha mti uleule. Unapochimba tundu refu, anza na ncha zake 2, halafu ruka, ukiacha mbao katikati, kisha rudi kumaliza zilizobaki. Ukifuata mstari mmoja tu, meshi inakimbilia upande ulio wazi na kupinda.

Kombine na meshi iliyosahauliwa

Kombine nyingi zina kitu ambacho si kila mnunuzi anakiona: mti wa chuma unaobeba visu vya raboti ndio huohuo unaozungusha meshi ya matundu kwenye ncha yake. Unapochimba matundu, visu vya raboti vinazunguka karibu na kiwiko chako. Unapopiga raboti, mandreni inazunguka ubavuni, na kama meshi imeachwa ndani, inangojea nguo ya mpita njia.

Kwa hiyo kanuni ni 2. Ukichimba matundu, funika visu vyote vya raboti kwa kifuniko chake. Ukipiga raboti, toa meshi na ufunike mandreni. Hakuna kazi "ya dakika moja tu" inayosamehe hilo.

Kwenye kombine, angalia pia upande meshi inapozungukia. Mara nyingi inahitaji meshi ya kushoto, na ile ya kulia ya kutobolea chuma haifai. Mbao ifungwe kwa kibano cha meza, isishikwe kwa mkono. Ingia kidogo kidogo, peleka meza kulia na kushoto, ingia tena. Anayetaka kufika chini kwa mara moja anavunja meshi, na kipande cha meshi iliyovunjika hakiulizi kinakwenda wapi.

Mwili wa fundi

Watu wengi wanafikiri glavu zinalinda. Karibu na kitu kinachozunguka, glavu ndizo zinazoingia kwanza na kuvuta mkono. Zivaliwe kwa kubeba mbao, zivuliwe mbele ya meshi. Mikono ya shati ikunjwe au ifungwe vizuri, pete na saa vikae mfukoni, nywele ndefu zifungwe. Miwani ya kufunika macho ni lazima. Babushi ziachwe mlangoni, mguu unahitaji kiatu kilichofungwa.

Vipande visitolewe kwa kidole. Brashi, au kijiti cha mbao, na mashine ikiwa imesimama.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Mashine hii inatoa vipande kuliko vumbi, lakini inakaa pamoja na raboti na msumeno katika nyumba moja. Tangu mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Kufungua madirisha na kuvaa maski si anasa ya wazungu.

Nani anajibu kidole kikikatika?

Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yaani kodi ya kazi ya inchi yetu, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake kazini. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inapanga ulinzi wa jamii unaoendeshwa na CNSS, na ajali za kazi zimo ndani. Lakini CNSS inamjua mtu aliyetangazwa. Kijana anayejifunza kazi, anayepewa franga za chakula jioni, mara nyingi hajulikani popote ila kwa patroni wake. Siku ya ajali, hesabu inabaki kati ya familia 2, na kidole hakirudi.

Kwa hiyo usalama wa kijana huyo unaanza na patroni. Asipewe mashine kabla hajaonyeshwa. Asiachwe peke yake nayo wiki ya kwanza. Na awe na ruhusa ya kusema "papa, sijaelewa" bila kuchekwa. Wanaotaka kujifunza kwa utaratibu wana mahali pa kugonga mlango mjini: INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, na shule za ufundi za Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mjini mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa.

Na ajali ikitokea pamoja na yote? Kata umeme. Bana kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na uinue mkono juu. Kidole kilichokatika kisitupwe wala kisiwekwe moja kwa moja kwenye barafu: kifunge ndani ya kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu au ndani ya maji baridi. Halafu hospitalini bila kungojea. Namba ya teksi au ya mwenye pikipiki wa karibu iandikwe ukutani leo, si siku ile.

Kesho asubuhi, kabla ya kole na kabla ya kahawa, patroni anaweza kufanya kitu kimoja. Atoe meshi, awashe mashine, akate disonktere, airudishe, asikilize. Akisikia kimya, aanze kazi. Akisikia motere inaanza yenyewe, awaambie vijana wake wote waje wasikilize pia, kisha amwite fundi wa umeme.